Kuku wa Jagam

Nitasema ukweli wangu hapa, na anayetaka kununa anune. Mimi Rosa Adero, fundi wa cherehani pale Katito sokoni, sikuwa nimewahi kushindwa kazi. Si ya kushona, si ile nyingine. Na ile nyingine ndiyo ilinipa jina. Nilikuwa jagam.

Huku kwetu jagam ni mtu wa kuunganisha ndoa. Anajua boma hili na boma lile, anapeleka neno na kuleta neno, anahakikisha ukoo haujaingiliana. Siku ya wageni kwenda kwa wazazi wa msichana, yeye ndiye anasimama mbele ya wazee na kusema, "Huyu kijana namjua, mimi ni shahidi." Nilikuwa nimefunga harusi kumi na moja, na zote zilikuwa zimesimama. Sawa, moja ilitingika. Lakini huyo mume alikuwa mlevi na nilishawaambia mapema, wasiniletee maneno.

Anayetaka kazi anamletea jagam kuku. Kuku huyo haliwi. Anakaa kwa jagam mpaka mambo yaishe. Yakifaulu, jagam anamla na anaongezewa mbuzi. Yakiharibika, jagam anamrudisha kuku kwa mkono wake mwenyewe, mchana peupe, akipita katikati ya soko watu wakimtazama. Nilimwona jagam mmoja wa Sondu akirudisha kuku. Alihamia Kericho.

Sasa, mwaka wa themanini na saba, mwezi wa tatu, Mama Milka alikuja kwenye veranda yangu na kuku mweupe chini ya kwapa.

"Nyar Kendu," akaniita, maana mimi ni binti wa upande wa Kendu na hapo Katito nilikuwa nimepanga tu, "nataka mke wa mwanangu. Kabla ya Desemba kuisha."

Mwanawe alikuwa Opiyo, fundi wa redio, kibanda chake kikiangaliana na veranda yangu.

Yawa! Sindano iliniingia kwenye kidole nikasahau kuitoa.

Nilimpenda Opiyo. Basi, nimesema. Miaka minne nilimpenda na hakuna aliyejua, hata cherehani haikujua. Kila siku saa nne asubuhi alivuka barabara na kikopo chake cha mafuta, akatia matone mawili kwenye cherehani yangu, akauliza, "Leo umemkasirikia nani?" Mimi ni mtu wa hasira, sifichi, na kila siku kulikuwa na mtu. Nikamweleza. Akacheka. Na akicheka, hasira yangu ilikuwa inaisha kabla sijaitumia, jambo ambalo liliniudhi sana.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia Mama Milka hapohapo. Nenda basi wewe ukamwambie! Jagam hajisemei. Jagam anayejisemea ni sawa na mgawa nyama aliyeikimbiza minofu nyumbani kwake. Watu wangesema zile harusi zote kumi na moja nilikuwa natafuta wangu. Mwanamke wa miaka thelathini na tatu, wangenicheka mpaka Nyabondo.

Na kukataa je? Kukataa ni kubaya zaidi. Jagam akikataa kuku, watu wanasema ameona kitu katika boma hilo. Kichaa au uchawi. Hakuna msichana angekanyaga kwa Mama Milka tena, na Opiyo angezeeka peke yake na redio zake, kosa likiwa langu.

Kwa hiyo nikampokea kuku. Mama Milka alipoondoka nilikaa nikafikiri, nikaona njia moja tu. Nifanye kazi hiyo, na nishindwe. Nishindwe polepole, kwa heshima, mwaka uishe, Mama Milka achoke. Baada ya hapo? Baada ya hapo sikuwa nimefika. Kuku naye alikuwa ameshaanza kumeza vifungo vyangu.

Mtu ambaye hajawahi kushindwa anaanzia wapi? Nilianza kwa kutafuta msichana asiyefaa kabisa.

Nilimpata mtaa wa Obunga, Kisumu, siku niliyoenda kununua vitambaa. Aliitwa Nekoye, alitoka upande wa Webuye, na aliuza maandazi. Alikuwa mrefu kuliko mlango wake, alizungumza bila kuvuta pumzi, alipenda kulala hadi saa tatu, wateja walimgongea. Na kubwa kuliko yote, samaki hali. Hata harufu hataki. Mimi karibu nimkumbatie palepale.

Nikarudi kwa Mama Milka. Kwa desturi jagam anasifia. Akisema msichana ni mchapakazi, msikilizaji anatoa nusu. Akisema ni mchapakazi sana, anatoa robo tatu, na kila mtu anaelewana. Mimi siku hiyo sikusifia hata kidogo.

"Mama, yuko mmoja. Lakini ni mvivu kuamka, mdomo wake haufungi, na hali samaki."

Mama Milka akaweka chini ungo wake. Akaniangalia kwa jicho moja, lile la kulia, ambalo hulitumia kwa wachuuzi.

"Unamficha nani?"

"Namficha nani vipi, Mama?"

"Tangu nizaliwe sijasikia jagam akimponda msichana wake. Huyo ni mzuri sana, na wewe unamwekea mtu mwingine. Ni yule mwalimu wa Sondu anayetafuta mke, siyo? Mlete hapa Jumapili!"

Nikaapa kwamba hakuna mwalimu. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kuamini. Mwishowe akaniambia akisikia Nekoye ameonekana Sondu, atakuja kuchukua kuku na kunivunjia cherehani.

Jumapili hiyo nilimfuata Nekoye Kisumu, tukapata lifti ya lori la miwa. Dereva alikuwa Wakhisi, Mbukusu kama Nekoye, mjane wa miaka mitatu, mpole kupita kiasi. Nekoye alikaa katikati. Kufika Nyamasaria walishagundua kwamba mito ya nyumbani kwao ni jirani. Kufika Ahero walikuwa wanaimba. Mimi nimebanwa kwenye mlango, bega limekufa ganzi, najisemea, haya, hiyo shauri yao.

Nyumbani kwa Mama Milka meza ilikuwa imeandaliwa, na juu yake samaki ngege mzima kajaa sahani na mkia ukining'inia. Opiyo akaingia. Yawa, Opiyo! Shati lake alilivaa ndani nje. Mdomoni ana skrubu tatu za redio. Akamsalimia mgeni bila kuzitoa, kisha akasema, kama mtu anayesoma taarifa ya habari, "Mimi nakoroma. Na napenda kula peke yangu. Na simba yangu inavuja." Simba, kwa asiyejua, ni kile kinyumba cha kijana ndani ya boma la wazazi wake.

Niliona aibu kwa niaba yake. Nikajiuliza, mtu mzima huyu amepatwa na nini? Akili yangu yote, na sikushtuka.

Nekoye akasukuma sahani ya samaki kwa kidole. Mama Milka akameza mate, akasema, "Atazoea." Nekoye akasema hatazoea. Mama Milka akasema hata yeye alikuwa hapendi dagaa utotoni. Nekoye akasema, "Mama, hata nikifa msinizike karibu na ziwa." Akacheka kicheko kimoja kuku wote wa boma wakatawanyika. Wakhisi, ambaye alikuwa amekaribishwa chai tu, alimwangalia kama anaona mvua baada ya kiangazi.

Nilirudi kwangu nikicheza. Nimeshindwa! Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimeshindwa, na nimefanya vizuri!

Mwezi wa nane Wakhisi na Nekoye walioana Webuye. Mchungaji akataja jina langu madhabahuni. Bwana harusi akasema hadharani kwamba bila Nyar Kendu asingempata mkewe, na akina mama wakanipigia vigelegele mpaka masikio yakaziba. Harusi ya kumi na mbili. Mchinja nyama wa Katito akaanza kutangaza kwa kila mteja, "Huyo mama, hata akijikwaa anaangukia harusi." Nilitaka kumrushia mkasi.

Mama Milka naye, badala ya kukasirika, alikuja akanishika mkono. "Ulisema hali samaki, kweli hali samaki. Ulisema mdomo, nimeusikia mwenyewe. Wewe peke yako ndiye jagam usiyedanganya." Akaenda akayarudia maneno hayo sokoni, kanisani, kisimani. Watu wakaanza kuja kutoka Ahero, kutoka Pap Onditi, wakimtafuta jagam wa ukweli. Nikawa na kuku wanne chini ya meza ya cherehani, na hakuna kifungo kilichokuwa salama.

Jioni moja Opiyo alikuja, saa ambayo si yake. Akashika kile kikopo cha mafuta bila kukifungua.

"Nyar Kendu, nikuulize. Mtu akijaribu kufeli, halafu akafaulu kufeli, huyo amefaulu au amefeli?"

Nilisikia joto mpaka kwenye visigino. Nilidhani amenigundua.

"Huyo ni mjinga," nikasema. "Ana kazi ya kufanya, aende akaifanye."

Akakohoa mara mbili. Opiyo anapokohoa mara mbili huwa anataka kusema jambo la kweli. Nilingoja. Akaweka kikopo, akavuka barabara, akaondoka. Nami nikamkasirikia wiki nzima bila kujua kwa nini.

Nikarudi kufikiri. Kusema ukweli kumenikosesha. Basi nitasifia. Nitasifia kuliko jagam yeyote aliyewahi kuzaliwa Nyakach, watu watoe nusu, watoe robo tatu, mwishowe pabaki patupu.

Msichana nilimpata Ahero, binti wa Mzee Oduor mkulima wa mpunga. Jina lake Aoko. Alikuwa msichana wa kawaida tu, mtulivu, na mstaarabu. Nikaketi mbele ya Mama Milka nikafungua bomba. Nikasema Aoko hajakasirika tangu azaliwe. Nikasema anaamka kabla ya jogoo, na jogoo anamsubiri. Nikasema akipika omena, wale dagaa wetu, majirani wanaukaribia ukuta wakinusa na kulia. Nikasema akiimba kanisani wagonjwa wanaketi.

Nikangoja lile jicho la kulia.

Mama Milka alikuwa analia. Machozi ya kweli, yakidondoka kwenye kanga. "Angekuwa mwingine anasema, ningecheka," akasema. "Lakini wewe husemi uongo."

Moyo wangu ulianguka nikasikia sauti yake. Nilikuwa nimejipika mwenyewe. Watu wa Ahero wakapelekewa neno, wakakubali. Tukapangiwa Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Na Opiyo, alipoambiwa, alisema tu, "Sawa, Mama." Hakukohoa hata mara moja.

Jumamosi hiyo, nani asiyeijua? Gor, timu yetu ya mpira, walikuwa wanacheza marudiano ya fainali ya kombe la Afrika, Nairobi, na Waarabu wa Tunisia. Tarehe ya wageni ilikuwa imepangwa na wanawake. Wanaume wa pande zote mbili walipogundua, waliomba iahirishwe. Mama Milka akauliza kama Gor ndio watamzalia wajukuu. Hapo mjadala ukaisha.

Tulienda na lori la Wakhisi. Kwenye kikapu cha zawadi, chini ya sukari na majani ya chai, Opiyo alikuwa ameficha redio. Mzee Oduor, baba wa Aoko, alitupokea amevaa suti na uso wa msiba. Tulipomaliza kula, ilipokaribia saa kumi, kikapu kikaanza kupiga kelele za uwanja.

Mama Milka akamgeukia mwanawe polepole.

Mzee Oduor akakohoa, akasema kwa heshima zote, "Mgeni haji na zawadi ikafichwa. Iwekwe mezani."

Basi redio ikawekwa mezani katikati ya masufuria, na mazungumzo ya ndoa yakaendelea hivyohivyo. Mzee anauliza ukoo, anainua kidole, sote tunanyamaza, kona imepigwa, anashusha kidole, tunaendelea. Waarabu walipofunga, mjomba wa Aoko akatoka nje akaongea na mti. Gor waliporudisha, sahani mbili zilivunjika na hakuna aliyeulizwa.

Kisha Mzee Oduor akafuta jasho. "Jagam asimame. Tumesikia sifa zako, wewe ndiye usiyedanganya. Tuambie. Huyu kijana unamjua?"

Nikasimama. Nyuma ya pazia la mlango niliona miguu ya Aoko na dada zake. Opiyo alikuwa anaangalia redio kama aliyemo ndani yake. Nikajua maneno yangu yakiwa mazuri, nimempoteza leo. Nilikuwa na nafasi moja ya kushindwa, na nikaishika kwa mikono miwili.

"Namjua," nikasema. "Simba yake inavuja juu ya kitanda. Badala ya kuziba bati amehamisha kitanda. Mwaka jana pakavuja pa pili, akahamisha tena. Sasa amelala mlangoni."

Watu wakaguna. Vizuri, nikaongeza.

"Anatengeneza redio tatu kwa wakati mmoja na anamaliza moja. Vikongwe hawalipi, anawaambia betri ndiyo ilikuwa mbovu, kumbe ametia kifaa chake. Anaanza hadithi, anacheka kabla haijafika mahali pa kuchekesha, na wewe unacheka na hujaisikia! Huwezi kumkasirikia. Nimejaribu. Miaka minne nimejaribu kila siku saa nne asubuhi. Mshipi wa cherehani yangu ulipokatika wiki ya sare za shule, alifunga kibanda chake, akashinda juani akikata tairi na wembe mpaka akapata wa kunitosha. Vidole vinavuja damu, ananiuliza leo nimemkasirikia nani. Nani anafanya hivyo? Mjinga gani huyo? Na anakohoa mara mbili akitaka kusema ukweli, halafu hasemi! Mnasikia? Hasemi! Anaweka kikopo chake anaondoka, na mimi nabaki nimeshika kitambaa kama..."

Sikumaliza. Nikagundua nimelowa mashavu. Mkono wa Mzee Oduor ulikuwa kwenye redio. Alikuwa ameipunguza sauti. Fainali ya kombe la Afrika, zimebaki dakika chache, na mwanaume ameipunguza sauti.

"Mama," akaniuliza polepole, "wewe ni jagam wake au ni mkewe?"

Nilitaka sakafu ifunguke. Nyuma ya pazia mtu aliangua kicheko, na sauti ya Aoko ikasema, "Baba, msinitafutie ugomvi, mimi siolewi na mume wa mtu!"

Hapo Opiyo akakohoa. Mara moja. Mara mbili. Nikamwangalia kwa hasira zangu zote, nikamwambia moyoni, ukiweka kikopo leo nitakuua.

"Lile shati nililivaa ndani nje makusudi," akasema. "Siku ya Nekoye. Na skrubu pia. Nilijua nikimkubali yeyote, kazi ya jagam imeisha, na Nyar Kendu hatakuwa na sababu ya kuja kwetu tena. Nilitaka ashindwe. Samahani, Nyar Kendu, nilikuharibia kazi."

"Umeniharibia?" nikapiga kelele. "Mimi ndiye nilikuwa naiharibu!"

Kabla mtu hajajibu, redio ilipasuka. Mpira umekwisha! Bao moja kwa moja, sare, na kombe ni la Gor, kwa sababu mechi ya kwanza kule Tunis walitoka sare wakifunga mabao mawili ugenini. Yawa yawa yawa! Nyumba ilimwagika nje. Mjomba alirudi kwenye ule mti akaukumbatia. Mzee Oduor alimnyanyua Wakhisi, Wakhisi alimnyanyua mzee mwingine wa boma, wanawake walipiga vigelegele bila kujua kama ni vya Gor, vya ndoa, au vya ndoa iliyovunjika. Opiyo alinishika mkono hadharani. Vidole vyake vilinuka mafuta ya cherehani. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mtu mmoja tu hakutoka. Mama Milka alibaki kwenye kiti chake, mkoba magotini, na nilipomwona kupitia mlangoni kicheko kilinikauka. Huyo mama alikuwa ameniamini. Alinisifia kisimani. Na kwa furaha zangu zote, bila yeye hakuna boma la kuingia. Opiyo ni mwanawe wa pekee, na asingemvunja moyo mama yake, na mimi nisingemwomba afanye hivyo.

Njia nzima alinipa kisogo. Aliposhuka kwenye lori ndipo aliponiangalia. "Kuku wangu," akasema. "Siku ya soko."

Siku ya soko nilivaa gauni langu la buluu. Nikamtoa kuku mweupe chini ya meza, nikamweka kwapani, nikaingia barabarani saa sita mchana. Soko likaanza kubishana. Mchinja nyama alisema nimeshindwa, msichana wa Ahero hakupatikana, kuku anarudi. Mama muuza nyanya akasema sikushindwa, mke si amepatikana? Wakhisi, juu ya lori lake, akapaza sauti: "Gor walishinda mechi gani? Walitoka sare huko, wakatoka sare hapa, na kombe liko wapi? Huyu mama amefunga bao ugenini!" Soko likalipuka. Nikawaambia wote wakanyamaze na mama zao, nikaendelea kutembea. Lakini kichwa kilikuwa juu. Sikuwa nahamia Kericho.

Mama Milka alikuwa anaanika omena mbele ya nyumba. Hakuinua uso.

"Uliniongopea," akasema.

"Kwa Aoko, ndiyo, Mama. Kwa Nekoye nilisema kweli tupu."

"Ulichukua kuku wangu ukitaka kushindwa."

"Ndiyo, Mama. Nimeshindwa. Nimemleta. Nisamehe." Na nilimaanisha.

Akapanga omena kwa muda mrefu, mmojammoja, kana kwamba wana majina.

"Wengine wote uliwasema," akasema mwishowe. "Huyu anaamka, huyu haamki. Huyu anakula samaki, huyu hali. Wewe sijaletewa neno lolote juu yako. Sina jagam. Sijui hata kama unajua kupika." Akanionyesha mlango wa jiko lake kwa kidevu. "Mchinje."

Huku kwetu mgeni haingii jikoni kwa mama wa boma. Anayeingia kupika humo anajulikana ni nani: ni mke wa mwanawe.

Kwenye firigisi ya yule kuku nilikuta vifungo saba. Nikawasha moto, nikakata vitunguu. Tangu mwezi wa tatu nilikuwa nimejaribu kushindwa kwa akili zangu zote, na sasa, kwa mara ya kwanza, nilitaka kufaulu kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Niliomba Mungu. Nilionja chumvi mara sita. Niliupuliza moto, nikauongeza, nikauongeza tena, na Opiyo akachungulia dirishani akaanza kunisimulia hadithi, akacheka kabla hajafika popote, nami nikacheka, na tulipogeuka moshi ulikuwa mweusi.

Sufuria lote. Chini limeshika, juu limekauka. Kuku mwenyewe alikuwa mzee wa kutafunwa kwa imani.

Nikampelekea Mama Milka sahani, sikuthubutu kumwangalia. Nilisikia akitafuna. Akatafuna. Opiyo mlangoni hakukohoa wala kupumua.

"Mbaya," akasema Mama Milka. "Mbaya kabisa."

Kisha akaninyooshea sahani nimwongeze.